Mwaka wa Matuta Yasiyobomolewa

Tulipotoka kumzika Baba Mkubwa Deo, watu walinawa mikono kwenye ndoo pale mlangoni, wakakaa kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima kigangoni, na kabla sahani hazijaanza kuzunguka Mama Mkubwa Vero, mjane wake, akaniita mbele ya ukoo mzima. "Fausti, hebu soma lile shairi lako." Mimi, ambaye darasani nimetolewa nje mara nyingi zaidi kwa ajili ya mdomo kuliko kwa ajili ya ada, nikatafuta uongo. Nikasema nimelisahau. Akasema, "Haya, kaa ule." Sikuwa nimelisahau. Nalijua lote, hata nikiamshwa usingizini. Ila lina mstari mmoja ambao siku ile, viatu vyetu vikiwa bado na udongo wa makaburini, usingenipita kooni. Ndiyo maana naandika. Nina miaka kumi na nane, nipo kidato cha nne, na najua kwa umri huu mtu anaandika barua za kumwomba radhi mkuu wa shule, siyo kumbukumbu za maisha. Lakini mwaka jana mimi niliishi chumba kimoja na marehemu mwingine, nikala chakula chake, nikavaa shati lililokatwa kwa vipimo vyake. Wazee wangapi wana la kusimulia kama hilo?

Watu wa mikoa mingine wakisikia mtu katoka Sumbawanga, kabla ya salamu wanauliza habari za radi na uchawi. Tulipokwenda Mbeya kucheza mpira, beki mmoja wa wenyeji alikuwa ananiogopa waziwazi, nami nikamsaidia kuogopa: nikamwambia akinigusa namtumia radi kwa simu, bando ninalo. Nikafunga mawili. Kwa hiyo naomba nieleweke mapema, mzuka ninaousimulia hapa haukuja na ungo. Ulikuwa sweta. Sweta la shule, rangi ya damu ya mzee, lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba nilichopewa pale Milanzi, nyumbani kwa Baba Mkubwa. Kwa nini nilikuwa nakaa kwao na siyo kwetu ni hadithi ya umbali na nauli, kila mtu anayo ya kwake, tuiruke. Chumba kilikuwa cha Editha, binti yao, dada yangu, aliyekufa kwa homa fupi mwezi wa baridi wa mwaka uliotangulia. Kitanda chake, shuka lake, hata kipande cha kioo chake dirishani. Hakuna aliyeniambia nilishushe lile sweta na hakuna aliyeniambia niliache. Nilikuwa naamka asubuhi, Sumbawanga ikiwa na ile baridi ya kugonganisha meno, nimevaa mashati mawili, natetemeka, na sweta zuri zito linanitazama. Sikulivaa. Mimi ni mtundu, lakini utundu una mipaka yake.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha mwisho, chumba cha kwanza kinamwambia pole. Kwa mtu mwenye masikio kama yangu ile ni nyumba ya kifalme, na wiki ya kwanza nilitega masikio yote nikitegemea umbea. Sikupata kitu. Nilisikia vijiko. Nilisikia Baba Mkubwa akivua viatu, kiatu kimoja, halafu kimya kirefu, halafu cha pili. Nilisikia Mama Mkubwa akichochea mkaa. Ilinichukua muda kugundua kwamba wale watu wawili, waliolala kitanda kimoja na kula meza moja, hawakuwa wanaongea. Hawakuwa wamegombana. Ugomvi naujua, una kelele zake. Hawa walikuwa wanapitishia maneno kwangu, kama mimi ni dirisha la posta. "Fausti, mwambie baba yako mkubwa maji ya kuoga yamechemka." Baba yangu mkubwa yupo hatua mbili kutoka pale, ana masikio mazima. "Fausti, mwambie mama yako mkubwa ahsante." Mwanzoni nilileta masihara. Nikawa natangaza kama mtu wa redio: "Taarifa iliyotufikia kutoka jikoni inasema maji yamechemka." Hakuna aliyecheka. Baadaye ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nilitamani ningebaki mjinga. Tangu binti yao azaliwe walikuwa wanaitana Baba Editha na Mama Editha. Hawakuwa na majina mengine ya kuitana. Sasa mtu angemwitaje mwenzake apokee sahani bila kumwita kwanza marehemu?

Chakula kilikuwa ugali wa ulezi, mweusi, mzito, ule unaoshuka tumboni na kukaa kama mgeni asiyeaga, na maharage, na mara moja moja dagaa wa ziwani. Mama Mkubwa alipakua sahani nne. Tulikuwa watatu. Aliiona ya nne ikiwa tayari mkononi, akasita, akaiweka mbele yangu. "Kula, wewe bado unakua." Nikala. Ilikuwa hivyo jioni baada ya jioni, naye hakuzoea, kila mara mkono ulimtangulia. Shuleni marafiki walinisifia kunenepa. Sikuwaambia nani ananilisha. Baba Mkubwa naye alikuwa na la kwake. Alikuwa fundi cherehani, anashonea kwenye baraza la duka la vitenge la Bwana Hamisi kule Katandala, na watu walisema akikutazama tu anajua kiuno chako. Akanishonea shati la shule. Alinipima vizuri, mabega, kifua, mikono, akanitania kwamba nina mikono ya kuiba embe. Shati lilipokuja, mabega yalibana na vifungo vilikuwa upande wa kike. Mkasi wake ulikuwa umerudi kwenye vipimo ulivyovizoea. Nililitazama, nikamtazama, naye anasubiri niseme. "Limenikaa kabisa, Baba," nikasema. Nikalivaa mwaka mzima. Jofu, rafiki yangu, aliniita Sista Fausti mpaka akachoka mwenyewe.

Ni Jofu huyohuyo aliyenitia kwenye ushairi. Alikuwa amempenda binti wa kidato cha pili aliyekuwa hamjui hata jina, akanijia na maandazi ya moto yamefungwa kwenye gazeti. "Mshikaji, nitungie beti mbili. Weka lulu. Weka bahari. Weka asali, weka ua waridi. Weka vyote." Nikaweka vyote. Baada ya hapo nikawa na wateja, na nikagundua kazi ni nyepesi: unabadilisha jina tu, ua linabaki palepale. Nilikuwa nakula maandazi ya mapenzi ya watu bila kujua mapenzi ni nini. Biashara ilikwenda vizuri mpaka Madam Zuhura alipoikamata. Madam alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, mzaliwa wa pwani, ameletwa kwetu na uhamisho. Alifundisha amevaa koti, amejifunga kitenge juu ya koti, na chaki anaishika kwa mkono wenye soksi. Alikuta ubeti wangu kwa Jofu, akausoma mbele ya darasa kwa sauti nzuri kuliko ulivyostahili.

"'Wewe ni lulu ya bahari yangu,'" alisoma. "Nani humu ndani amewahi kuona lulu?"

"Mimi Madam," Jofu akasema. "Yupo kidato cha pili B."

Darasa likaangua kicheko. Madam akasubiri tumalize. "Mimi nimezaliwa mita chache kutoka kwenye hiyo bahari," akasema, "na lulu sijaiona. Sasa nyie watoto wa huku juu, mnaogandisha maji ndooni, mmeitoa wapi? Mtu akimwambia mwenzake 'nakupenda', amemaliza. Amefunga mlango. Mwenzake atasema ahsante au atasema toka hapa. Lakini akimwambia 'wewe ni kisima', hapo kafungua. Mwenzake ana haki ya kuuliza: nina maji? Nani alinichimba? Nani alishatumbukia humu? Washairi hawasemi kisima au mti au moto kwa ajili ya kupamba. Wanasema hivyo kwa sababu kuna jambo wanaliogopa kulitazama usoni, basi wanalizunguka waliingilie kwa nyuma. Na ukishachagua mfano wako, jiangalie. Ukimwita mtu ua, umeshakubali kwamba atanyauka."

"Basi Madam mimi wangu nitamwita sufuria," nikasema.

"Mwite. Halafu utuambie nani anaiweka motoni."

Jamani, nikakaa chini. Ni mara chache mtu kunipiga bao kwenye uwanja wangu. Akatupa kazi ya nyumbani: shairi la mapenzi, mfano mmoja tu, na huo mfano uwe kitu ambacho tungeweza kumpeleka yeye kwa miguu akakishike.

Nami nilikuwa nacho, maana wakati wa likizo ya Pasaka Mama Mkubwa alikuwa amenichukua kwenda Msanzi, kwenye shamba lao. Huko alikuwa anakwenda mara kwa mara, peke yake. Mumewe hakuwa ameweka mguu Msanzi tangu wamzike binti yao huko. Kwa asiyejua kilimo chetu nieleze kidogo. Mvua zikiwa bado zinanyesha, tunakata nyasi mbichi, tunazirundika, tunazifunika kwa udongo mpaka vinatokea vilima vidogo vya mviringo shamba zima. Kifipa tunaita ntumba. Juu yake unapanda maharage. Ndani nyasi zinaoza taratibu, kiangazi chote. Masika yakirudi unabomoa kila tuta, unausambaza ule udongo ulioshiba, unapanda ulezi. Hakuna mtu anayeacha tuta likae. Ni kama kupika chakula halafu ukafunika sufuria ukaenda zako. Sasa shamba la Mama Mkubwa lilikuwa limeachwa. Kulia ulezi wa jirani umesimama, kushoto mahindi ya jirani yamebeba, katikati matuta yao, yale waliyoyatengeneza Editha akiwa hai, yamekaa vilevile mwaka wa pili, magugu yameota juu. Mama Mkubwa hakulima pale. Alilima kipande kidogo cha pembeni, cha maharage, na kila akinyoosha mgongo aliyatazama. Kwenye njia wanawake wawili walikuwa wanapita na mizigo ya kuni. Mmoja akasema, bila kupunguza sauti vya kutosha, "Utadhani makaburi." Mwenzake akamwambia, "Nyamaza, ana masikio." Mama Mkubwa akaendelea kupalilia. Mimi nikayachukua yale maneno nikayaweka mfukoni. Ndivyo nilivyo, nikisikia neno zuri siulizi limetoka kwenye jeraha la nani.

Nikaandika shairi la tuta linalomlalamikia mkulima. Nililiandika kwa kucheka, nimekaa kwenye kitanda cha Editha, na nilipolisoma darasani wavulana walipiga madawati mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia:

Ulinifukia nyasi, bado mbichi za kijani,
Ukapanda kwa wepesi, maharage utosini,
Ukala pasi kiasi, ukapangusa kinywani,
Masika yarudi basi, nibomoe, una nini?

Nyasi zimeoza vyema, udongo mweusi ndani,
Wapita ukitazama, na jembe lako begani,
Jirani wananisema, kaburi la mtu gani,
Masika yarudi jama, nibomoe, una nini?

Kila nikifika kwenye "nibomoe" walikuwa wanakufa kwa kicheko, mnajua wavulana walivyo. Madam hakucheka. Aliniuliza, "Huyu mkulima, mbona habomoi?"

"Mvivu, Madam."

"Mvivu hapiti na jembe begani kila siku kutazama. Mvivu analala. Ukijua kwa nini habomoi, utakuwa umeandika shairi. Kwa sasa umeandika kichekesho, na ni kizuri." Akanipa alama nyingi, nikaona ananionea wivu.

Miezi ya baridi ikaja. Jioni tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa sebuleni, mlango tumeuacha wazi kidogo ili tusife, tukikaa kulizunguka bila maneno. Kimya kile kilikuwa kinaniwasha mwili. Siku moja Mama Mkubwa akiwa uani anapepeta maharage, nikaanza kulisema lile shairi kwa sauti, na mikono, na macho, ili Baba Mkubwa acheke walau siku moja. Alikuwa anashona kifungo cha koti la mtu. Nilipomaliza alikuwa ameacha sindano katikati ya tundu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, safari hii mikono imetulia yenyewe.

"Hilo la jirani. Umelitoa wapi?"

"Ni kina tu, Baba. Nilitafuta cha kumalizia na -ni."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kifungo. Siku zilizofuata nilimsikia kule kwenye baraza, mguu ukikanyaga cherehani, mdomo unatembea. Bwana Hamisi aliniuliza siku hizi mzee anasali sala gani, haiishi. Nilijua ni sala gani, nikajisikia fahari, mwandishi mkubwa mimi. Sikuona kwamba mtu mzima alikuwa amepata njia ya kumfikia mkewe bila kutaja jina, na njia yenyewe imejengwa na mpumbavu.

Aliitumia jioni moja tukiwa mezani. Sahani ya nne ilikuwa imeshawekwa mbele yangu. Baba Mkubwa akafinyanga tonge, akaliacha, akaanza kusema ubeti wa kwanza, taratibu, akitazama maharage. Mama Mkubwa aliinua macho. Sikuwa nimewahi kuona uso ule. Ulikuwa kama wa mtu aliyesikia mlango wake unagongwa. Alipofika "nibomoe, una nini" mdomo wa Mama Mkubwa ulitaka kucheka, naapa, ulikuwa njiani. Laiti angeishia pale. Akaingia ubeti wa pili, na mimi nikawa namkanyaga mguu chini ya meza kama dereva anayezuia gari, lakini mtu aliyekaa kimya mwaka mzima haachi njiani. Akasema, jirani wananisema, kaburi la mtu gani.

Mama Mkubwa akaweka kijiko chini.

"Fausti," akasema, "mwambie baba yako mkubwa kwamba tuta halina miguu ya kumfuata mkulima mjini."

Nilikuwa naangalia ugali.

"Mwambie mama yako mkubwa," Baba Mkubwa akasema, "mkulima naye ameona magugu yamelindwa. Hajui aingilie wapi."

"Mwambie hakuna mlinzi. Mwambie njia ipo pale pale. Jirani wanaipita na kuni zao, yeye ndiye haioni."

"Mwambie mkulima anaumwa macho."

"Macho!" Mama Mkubwa akasimama, benchi likaanguka. "Anaona kutunga uzi kwenye sindano, anaumwa macho! Kaburi la mtu gani? Unaniuliza mimi? Baba Editha, unaniuliza mimi kaburi la nani?"

Lile jina likakaa pale mezani na sisi. Mwaka mzima tulikuwa tumelikwepa, na sasa lilikuwa limeitwa kwa sauti ya juu, na kwa namna nisiyoweza kuieleza niligeuka kutazama mlango wa chumba changu, kana kwamba mtu angeitika. Hakuna aliyeitika. Mama Mkubwa akaingia chumbani, na kulipopambazuka alikuwa amefunga godoro dogo, sufuria mbili na jembe. Kaka yake alimfuata na pikipiki. Mlangoni akaniambia, mimi, siyo mumewe, "Naenda kukaa Msanzi. Mkae vizuri." Nikamuuliza atarudi lini. Akaniambia maharage yapo kwenye kopo, niyaloweke kabla.

Tukakaa, wanaume wawili, miezi mirefu ya vumbi. Nilikuwa napika ugali unaofaa kuzibia ukuta. Baba Mkubwa aliula wote na kusema ahsante. Watu wa jumuiya walikuja kusali na kupeleleza, katekista akatueleza kwa kirefu kuhusu ndoa, nikamuuliza yeye mke wake yupo wapi, maana mkewe alikuwa amekwenda kwao wiki ya tatu, na katekista hakuja tena. Tetesi zilikuja zenyewe: kwamba Mama Mkubwa kajengewa jiko kule, kwamba anasema hapandi tena Sumbawanga. Mwenye nyumba mbili anapoteza zote, walisema watu. Mimi nililala kwenye chumba kile nikimsikia Baba Mkubwa upande wa pili wa ukuta, kiatu kimoja, kimya, kimya, kimya. Cha pili siku nyingine sikukisikia kabisa. Nilianza kuogopa, na siyo kuogopa kwa mchezo. Mtu anaweza kuondoka akiwa amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Sweta lilikuwa limebaki msumarini, sasa linatutazama sote wawili.

Mvua ya kwanza ilipiga bati mchana wa Jumamosi, tukiwa nyumbani. Ile harufu ikapanda, mnaijua. Baba Mkubwa alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Shairi lako. Mkulima anajibu nini?"

"Hajibu, Baba. Hana ubeti."

"Mpe."

Nikachukua kalamu. Mimi niliyekuwa natunga beti mbili kwa andazi moja nilikaa mpaka mvua ikakatika, sikupata hata mstari. Nilijaribu kumpa mkulima ugonjwa, safari, mke wa pili, uvivu, vyote vilikuwa uongo. Nikamwambia, "Baba, simjui huyu mkulima."

"Hata mimi," akasema. Akaingia stoo akatoka na jembe lililoshika kutu. "Twende akaseme mwenyewe."

Tukapanda mishikaki kwenye pikipiki moja, dereva, yeye na mimi nyuma, jembe limefungwa na mabaki ya kitenge ili lisimkate mtu. Dereva akauliza, "Wazee, mnakwenda kulima au kuvamia?" Baba Mkubwa akamwonyesha barabara ya Msanzi. Njia yote uwanda ulikuwa mweusi wa mvua, watu wametawanyika mashambani, kila upande matuta yanabomolewa, udongo unaruka. Tulishukia karibu na kanisa. Makaburi yapo upande wa pili wa barabara. Baba Mkubwa alisimama akayatazama kutoka pale tulipo, akavua kofia, akaivaa, akashika njia ya shamba.

Mama Mkubwa alikuwa kwenye kile kipande chake cha pembeni. Alituona tangu mbali, akaegemea mpini wa jembe, hakuja kutupokea, hakuondoka. "Shikamoo Mama," nikasema. "Marahaba," akasema, macho yapo kwa mumewe. Baba Mkubwa akampita, akaenda mpaka tuta la kwanza, akafungua kile kitambaa, akainua jembe. Jembe likabaki juu. Kisha akalishusha taratibu, akaliweka juu ya magugu kama mtu anayemlaza mtoto.

"Siwezi," akasema. "Mwaka ule nilifikiri ni wewe hutaki yaguswe. Nikasema nisimuudhi."

"Nani alikuambia sitaki?"

"Hukuyagusa."

Mama Mkubwa akaja, taratibu, akipita katikati ya matuta bila kukanyaga hata moja, mpaka akasimama upande wa pili wa lile tuta. "Tuliyafukia watu watatu," akasema. "Wewe ulikata nyasi. Yeye alizipanga, na maneno yake yale, kila tuta analipa jina la mwalimu wake. Mimi nikafunika. Masika yaliporudi nikaja na jembe. Nikasimama hapa hapa. Nikasema nikibomoa peke yangu, nitakuwa nimewazika wawili. Nikasema nitamngoja aje. Nimekungoja masika yote yale, Baba Editha. Nikangoja na kiangazi."

Baba Mkubwa akafunika uso kwa kiganja. Mimi nikageuka kutazama mahindi ya jirani, nikayasoma yote, mstari kwa mstari. Madam angefurahi. Mkulima hakuwa mvivu. Kila mmoja wao alikuwa tuta, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye jembe.

Nilipogeuka walikuwa wameshika jembe moja, mikono minne kwenye mpini, mtindo mbaya kabisa wa kulima, na wakapiga. Tuta likafunguka. Nilisogea kuona. Sijui nilitegemea nini, labda majani, labda kitu chochote alichokigusa Editha kwa mkono wake. Hapakuwa na unyasi hata mmoja. Udongo mweusi tu, laini, unafuka mvuke kidogo kwenye ile baridi baada ya mvua. Mama Mkubwa akachota kiganja, akakibonyeza, akampa mumewe naye akashika. Wakaenda la pili, kila mtu na jembe lake sasa, la tatu, wakiachana kidogo kidogo, mmoja kulia, mmoja kushoto, na katikati yao ule udongo umerundikana unasubiri mtu wa kuusambaza.

"Wewe mshairi," Mama Mkubwa akasema bila kuinua kichwa, "umekuja kutazama?"

Nikavua viatu. Kwenye kibanda kulikuwa na jembe moja dogo, mpini wake umelainika kwa mikono ya mtu asiye mrefu. Nikalichukua, nikaingia katikati yao, nikaanza kusambaza. Hakuna aliyesema pale ni mahali pa nani.